Mgeni Aliyekula Harufu

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na robo jioni, Pua alipofungua chupa ya kwanza na kukuta haina harufu.

Si kwamba ilinuka vibaya. Divai iliyoharibika angeijua. Hunuka siki, au gazeti lililolowa. Hii haikunuka kitu. Akafungua nyingine. Ile ilitoa harufu ya ndimu kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ikakatika, na ilipokatika alisikia nyuma ya bega lake mtu akivuta pumzi ndefu puani, taratibu, kwa raha.

Aligeuka. Meza ndefu, vitambaa vyeupe, viti vitupu. Mlango wa stoo ya chini ulikuwa wazi.

Wenzake walimwita Pua kwa sababu alinusa kila kitu, hata sahani zilizokwisha kuoshwa. Alisomea sayansi ya vyakula chuo kikuu, na tangu amalize, kazi yake katika kiwanda cha divai cha baba yake mdogo ilikuwa kubandika lebo kwenye chupa. Sasa mwonjaji mkuu alikuwa amestaafu. "Endesha jioni moja ya wageni," baba mdogo alimwambia, "kila chakula na divai yake. Ukinitoa kimasomaso, kiti chake ni chako. Ukiniaibisha, unarudi kwenye gundi." Na ili jioni ipendeze, baba mdogo mwenyewe alivunja ukuta wa stoo ya chini na kufungua chumba cha mapipa kilichozibwa tangu enzi za babu. Pua aliuliza kwa nini kilizibwa. Aliambiwa anapenda maswali.

Wageni wakakaa. Samaki wa kuoka akaletwa na divai nyeupe. Mwalimu mkuu mstaafu, aliyevaa tai kana kwamba amekuja kukagua madaftari, alionja, akaitazama glasi, akaonja tena.

"Binti, hii ni divai, au ni maji yaliyopanda gari moja na divai?"

Meza nzima ikacheka. "Na samaki huyu," mkewe akaongeza, "ni kama natafuna kitambaa."

Pua alikimbilia jikoni. "Shefu, samaki hana ladha."

"Hana nini?" Mpishi aliweka mwiko chini. "Nimelisha watu mpaka nywele zimeota mvi, leo mtoto wa gundi aje kunifundisha chumvi?" Akaonja. Akatia chumvi, akaonja, akatia tena. "Umelifanya nini jiko langu?"

"Mimi?"

"Kabla hujaingia humu mchuzi ulikuwa unanukia mpaka barabarani!"

Kwenye korido baba mdogo alimshika kiwiko. "Uliziacha chupa juani."

"Sijaziacha juani, baba mdogo. Kuna kitu kinakula harufu."

"Kinakula harufu." Alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayehesabu hasara. "Chuo kikuu hicho."

Pua alitaka kupiga kelele. Usiku kucha wa jana alikuwa amepima ubaridi wa kila chupa, amelinganisha kila divai na kila kipande cha nyama, na sasa kila mtu alikuwa na maelezo isipokuwa yeye aliyekuwa na ukweli. Akachukua divai nyekundu, akarudi mezani, akaanza kumimina, na kwenye kila glasi aliyoijaza alisikia ile pumzi, kwanza nyuma yake, kisha karibu na sikio, kisha mbele yake juu ya mkono wake mwenyewe, ikimfuata kiti kwa kiti, ikiinama pale alipoinama, na miali ya mishumaa ilikuwa ikilala upande alipo, yote kwa pamoja, bila upepo wowote, kana kwamba kando yake amesimama mtu mrefu asiyeshiba, anayevuta kila kitu kuelekea puani mwake.

"Usigeuke."

Alikuwa mama mdogo, mke wa baba mdogo, aliyeleta mkate. Alimvuta hadi ukutani. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mama yangu alikuwa akipunga majini, nayajua," alinong'ona. "Hilo ndilo lililozibiwa kule chini. Hamkuuliza?"

"Niliuliza!"

"Basi, basi. Limekuganda wewe kwa sababu wewe ndiye unayenusa, kwa hiyo wewe ndiye utakayelirudisha. Shuka nalo. Liamuru liingie chumbani mwake, funga. Litakusemesha. Usilijibu hata neno moja, mwanangu. Ukilijibu, umelipa ruhusa."

Pua alishuka ngazi akishika ukuta. Sauti ya baba mdogo ikamwita kutoka gizani: "Pua! Wageni wanaondoka, unafanya nini huko?" Akauma mdomo. Sauti ya mwalimu ikafuata, "Binti, glasi yangu tupu," na kisha sauti ya mama yake mzazi, aliyezikwa zamani, ikimwuliza kama amekula, na machozi yakamtoka lakini hakujibu, akaendelea kutembea hadi kwenye kile chumba, akasimama kando ya mlango, akasema, "Ingia ulikotoka."

Ubaridi ukapita mbele ya uso wake, ukaingia. Akausukuma mlango. Ulikuwa umebakiza upenyo wa kidole tu, ndipo kutoka ndani ikasikika sauti ya upole, ya mgeni aliyeshiba.

"Asante, dada."

"Karibu," alijibu Pua.

Neno lilimtoka lenyewe. Alilelewa kulitamka tangu hajajua kutembea. Mtu akishukuru, unamkaribisha. Akajiziba mdomo kwa mkono. Hakuna kilichotokea. Akatia komeo.

Juu, nyuso za wageni zilikuwa zimefunguka. "Ehee, binti! Sasa ndiyo tunakunywa!" alipaza sauti mwalimu. Mkewe alikuwa ameinamia sahani, amefumba macho, ananusa nyama. Baba mdogo alimwonyesha Pua kidole gumba.

"Lilikusemesha?" mama mdogo alinong'ona.

"Lilinisemesha."

"Ukajibu?"

Pua alimtazama baba mdogo, akatazama meza iliyojaa vicheko.

"Hapana, mama mdogo."

Asubuhi aliunguza blauzi yake kwa pasi na hakujua mpaka alipouona moshi. Aliinusa sabuni, mkate, kwapa lake mwenyewe. Hakuna. Alikwenda kazini hivyo hivyo, akakaa kwenye kiti cha mwonjaji mkuu. Baba mdogo akaingia akitabasamu, akamwekea glasi ya divai nyekundu.

"Haya, Mwonjaji. Niambie kilichomo."

Pua aliizungusha, akainamia, na kabla hajavuta pumzi akasikia pumzi ikivutwa, ndefu, ya raha, ndani ya pua yake mwenyewe. Kisha mnong'ono.

"Zambarau mbivu," alisema Pua taratibu. "Ngozi ya viatu vipya. Moshi, kwa mbali."

Baba mdogo alipiga meza kwa furaha. "Na nini tena?"

Pua aliinamisha kichwa, akasikiliza.