Anaenda au Anarudi?

"Akimana, huyu mtu anaenda au anarudi?"

Akimana alishtuka nusura aangushe kiti. Hakumsikia Obedi akiingia. Wenzake walishatoka kunywa chai, katika darasa la kompyuta pale Kasulu amebaki yeye na kioo cha laptopu, na ndani ya kioo Fidele yuko juu ya pikipiki: anageuka, anapunga mkono, anaondoka. Anageuka tena, anapunga, anaondoka.

"Ni kazi ya Madam Winnie," alisema harakaharaka. "Katuambia tuunganishe picha chache, zicheze zenyewe."

"Sijauliza kazi ya nani. Anaenda au anarudi?"

Akimana akageukia kioo. Picha zile alizipiga mwenyewe kwa simu, nyumbani kwao Murungu, Fidele mchumba wake alipokuwa anaondoka kwenda gulioni Nyabibuye. "Narudi sasa hivi," alimwambia. Njiani mvua, utelezi, lori. Walimrudisha kwenye turubai. Huu ulikuwa mwaka wa pili, na tangu aziunganishe zile picha, kila zikicheza Akimana alisikia pikipiki ikinguruma nje. Aliisikia kweli, si utani, mpaka mwili unamsisimka.

"Nimetoka Kibondo alfajiri," Obedi alisema, bado kasimama. "Wazee wangu wanataka kwenda kwenu Jumapili. Nimefuata jibu. Kumbe mwenzangu kashafika."

"Usimseme hivyo marehemu!"

"Marehemu si hupumzika? Huyu wewe humwachi hata akae chini! Angekuwa mtu hai ningepambana naye, Akimana. Huyu nitampigania wapi?"

"Obedi, jamani..."

"Nisipopata jibu leo, wazee wasisumbuke."

Akatoka. Mara umeme ukakatika, feni ikasimama, chumba kikawa kimya. Laptopu ilikuwa na chaji. Fidele akageuka, akapunga mkono.

Akimana alilia sana. Kisha akafuta machozi kwa kanga.

"Umechoka, eh, Fidele?" alinong'ona.

Akafungua mipangilio. Pa kurudia palikuwa pameandikwa *daima*. Akaweka *mara moja*. Halafu akairudisha picha ya mwisho, ile aliyoiondoa kwa sababu ilimuuma: barabara tupu na vumbi. Akabonyeza. Fidele akageuka, akapunga, akaondoka. Barabara ikabaki. Nje hakukunguruma kitu.

Akaihamishia kwenye simu, akamtumia Obedi na ujumbe: *"Anaenda. Wazee waje."*

Haikupita muda, simu ikaita.

"Akimana." Obedi aliongea chinichini, nyuma yake makelele ya stendi. "Kwangu bado anarudi."

"Haiwezekani! Nimeweka mara moja!"

"Hii simu inarudia yenyewe. Nimemwangalia mpaka gari limeniacha. Anapunga, na mimi nikajikuta nampungia."

"Niifute?"

"Usifute. Kweli wazee waje?"

"Ego," alijibu kwa lugha ya nyumbani, huku machozi yakimtoka upya. "Waje."

"Na barabara ya kuja kwenu ni hiyohiyo ya kwenye picha?"

"Ndiyo hiyohiyo. Hatuna nyingine."

"Basi nikifika hapo nitashuka," Obedi alisema. "Nimsalimie kwanza."