Fungu Lililofutwa

Revokatus alikutwa Jumatano asubuhi, kifudifudi juu ya meza yake ya kuchapia barua pale Minago, mji mdogo wa kando ya ziwa, waya wa kuchajia umemkaba shingo. Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Aliyeiona maiti kwanza ni Speciosa, mjane aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Alikuwa amefuata ushahidi wake wa kesi ya shamba, na kesi yenyewe ilikuwa kesho.

Inspekta Raisa alizunguka chumba mara mbili. Hakuna kilichoibwa, hata simu ya marehemu iko mfukoni. Hilo lilimtisha kuliko shingo iliyovimba. Mwizi anaeleweka, huyu alitaka nini?

"Ushahidi gani, mama?"

"Video ya muzee Lameki. Yeye tu ndiye alijua nani alipanda michikichi ya shamba letu. Revokatus alimurekodi, akaiweka humu. Muzee tulimuzika mwezi wa sita. Sasa mimi nabaki na nini?"

Raisa akaagiza kompyuta ifunguliwe.

Ineza, fundi wa polisi, alichomoa diski, akainakili nzima kabla ya kugusa chochote. Saa moja baadaye aliita.

"Afande, kibandiko cha diski kinasema giga mia tano. Kompyuta inaonyesha nusu tu. Diski ilikuwa imegawanywa mafungu mawili, partisyo C na D. D imefutwa jana, saa kumi jioni."

"Basi video ndiyo imekwenda na maji."

"Hapana. Aliyefuta amebomoa mpaka tu, vitu viko palepale, maadamu hakuna kilichoandikwa juu yake." Ineza aliguna. "Huyu kasoma nusu. Hata sisi shuleni Gatete tuliandikishwa hivyo daftarini: ukifuta partisyo, kila kitu kimekufa. Nimekuja kujua ukubwani kuwa si kweli."

"Nani aliwaandikisha?"

"Mwalimu Nestori."

Speciosa, aliyekuwa bado mlangoni, akageuka. Familia ya Nestori ndiyo iliyokalia shamba lao walipokimbia; yeye ndiye mshitakiwa wa kesho.

Mchana huohuo mwalimu aliletwa kituoni, shati limenyooshwa, mikono imetulia mno.

"Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Kompyuta unaijua?"

"Kidogo tu."

"Kidogo, na umeifundisha miaka tisa. Haya. Video ya mzee Lameki tunayo."

"Haiwezekani. D ime..."

Raisa akamwacha aisikie sauti yake mwenyewe.

"D imefanywaje, mwalimu? Mimi sijataja D."

Nestori alitazama sakafu. Alipoanza kusema, alisema kama anayetua mzigo.

"Mimi nimezaliwa pale. Baba amezikwa pale. Ningewapeleka wapi watoto wangu? Mara tatu Revokatus mwenyewe aliniita nikasikilize, jana ndipo nikaenda. Muzee akasema michikichi ni ya babake Speciosa. Nikamwambia Revokatus afute. Akakataa. Akasema, 'Ngoja mwalimu, muzee hajamaliza.' Niliona ananidharau. Waya ulikuwa mezani."

"Hukungoja?"

"Ya nini? Nilikuwa nimesikia ya kutosha."

Raisa alimgeuzia kompyuta ya Ineza. Mzee Lameki alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, anakohoa, anaifuta midomo kwa kiganja.

"Michikichi ni ya babake Speciosa, sitadanganya, kaburi linaniita. Lakini Nestori naye ni mutoto wa pale. Nimemuomba Speciosa wagawane, upande wa mulima kwake, upande wa ziwa kwa Nestori. Speciosa amekubali, ila Nestori hataki hata kumusikia. Revokatus, muite Nestori umusikilizishe yote, kesi iishe."

Raisa alikuwa amekamata wauaji wengi, lakini huyu alimfanya atamani kutoka nje.

"Rudisha, afande," Nestori alisema polepole. "Pale aliposema amekubali."

Raisa akarudisha. Kisha akamsogezea karatasi ya maungamo na kalamu.