Hesabu ya Jumatano

Ilikuwa Jumatano, siku ya soko la mifugo Garissa, na Koome alikuwa ameketi kwenye makutano ya barabara akihesabu. Mbuzi, ngamia na watu walivuka katikati ya malori, naye alipaswa kuandika kila kilichovuka, ili wahandisi wanaopanua makutano wajue pa kuweka vivuko.

Muuguzi mmoja akasimama mbele yake, gauni la manjano, viatu vyeupe kwa vumbi. Jina lake Nkirote.

"Unahesabu mbuzi za watu? Umetumwa na wezi?"

"Nimetumwa na barabara. Nawe nikuandike wapi, kwa watu au kwa malaika?"

"Kwa wenye kiu."

Wakaenda kunywa chai. Mazungumzo yakanoga hadi soko likafungwa. Jioni Koome akanakili hesabu za Jumanne kwenye karatasi ya Jumatano, ingawa Jumanne mifugo ni wachache mno. Kwa karatasi ile, wahandisi hawakuona haja ya kivuko cha mifugo.

Walipendana miaka miwili. Makutano yakakamilika, lami ikang'aa, magari yakapita kasi bila kugongana. Juma la pili lori likamgonga Sadiyo, mama mfugaji, akivusha mbuzi wake. Mguu ulivunjika mahali pawili. Akalazwa katika wodi ya Nkirote.

Koome aliposikia, akaacha kushika simu ya Nkirote. Siku ya tano akaishika.

"Kama umepata mwingine, sema," Nkirote alimwambia. "Mimi si mtoto."

"Hakuna mwingine, mpenzi. Ni yule mama. Mimi ndiye niliyemvunja mguu."

Akamweleza yote.

"Utaniacha?" Koome akauliza.

"Kamwambie mhandisi wako. Halafu njoo wodini. Ukimkwepa mama huyu, nami usinitafute."

Mhandisi alimfuta kazi papo hapo, kisha akaagiza hesabu ifanywe upya. Koome akaenda wodini, akakiri na kusema pole kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Wewe nasema bole, mguu nasikia?" Sadiyo akamuuliza. "Hiyo kifuko nakuja?"

"Kivuko kitakuja, mama."

"Haya. Na huyu daktari nalia hapo mlangoni, iko bibi yako?"

Koome akageuka. Macho ya Nkirote yalikuwa mekundu.

"Bado, mama. Sina uso wa kumwomba."

"Omba," Nkirote akasema. "Lakini harusi itangoja mama atembee."

Sadiyo akacheka, kisha maumivu yakamkata. Nkirote akakimbia kuushika mguu. Koome akabaki wima, hajui aweke wapi mikono yake.