Lawama Iliyomwangukia Mzee Odell

Kila alipotoka shule, Lorna Teter aliikuta meza ya jikoni imejaa karatasi za Daktari Solveig, mwanaastronomia aliyepanga chumba kwao. Kabla hata ya kuvua koti alimwuliza habari za lile wingu.

Lilikuwa wingu jembamba la gesi, mbali huko kati ya nyota. Daktari alitaka kujua ni kiasi gani cha hidrojeni yake bado kilikuwa atomi mojamoja, na kiasi gani kimekwisha kuungana kuwa molekuli. Lorna alimwuliza kwa nini atomi zisigongane tu zikashikana.

"Zikigongana zinaachana," alijibu Daktari. "Kuungana kunatoa nishati, nazo hazina pa kuitua. Zinahitaji punje ya vumbi. Atomi moja inatua hapo, nyingine inaikuta, zinaungana, na vumbi linapokea sehemu ya ile nishati. Kisha molekuli inaondoka zake."

"Vumbi tu?"

"Vumbi. Kama lile mama yako analokugombeza ufute."

Darubini kubwa ya redio pale bondeni ilinasa mawimbi hafifu ya atomi hizo, na mawimbi ya simu yangeyafunika, ndiyo maana bonde zima liliishi bila simu za mkononi. Lakini chini ya kitanda Lorna alificha simu ya upepo, ile ya kubonyeza ndipo uongee. Binamu yake alimletea mbili. Ya pili alikuwa nayo rafiki yake Junie, ng'ambo ya kijito, na kila jioni walipiga soga.

Wiki ile Daktari alianza kurudi amenyong'onyea. Kelele za mawimbi ya redio kutoka mahali fulani bondeni zilikuwa zikivuruga vipimo vyake, na muda wake wa kutumia darubini ulikaribia kwisha. Mafundi walizunguka na gari lenye antena, wakaushuku uzio wa umeme wa jirani, Mzee Odell, wakamwomba auzime. Lorna aliwaona kutoka dirishani. Akakaa kimya, ingawa alijua zile simu nazo hutoa mawimbi.

Asubuhi yake kondoo wa mzee waliupita ule uzio uliozimwa, na mmoja akagongwa na lori. Akienda shule, Lorna alimkuta mzee amepiga magoti kando ya barabara, akimfunika kondoo wake kwa koti.

"Uzio wangu umemharibia yule Daktari kazi," alisema mzee. "Acha tu."

Siku hiyo Lorna alipotoka shule alipitia kwa Junie, akachukua simu ya pili, kisha akaziweka zote mbili juu ya karatasi za Daktari. Akaeleza kila kitu, mama yake akiwa amesimama palepale.

Daktari alizisogeza kando ya karatasi zake. "Na kila siku ulikuwa ukiniuliza habari za wingu," alisema taratibu. Lorna akatamani ardhi immeze.

Mama alichukua koti. "Twende kwa Mzee Odell. Yeye ndiye aliyepaswa kusikia kwanza."

Mzee alisikiliza mlangoni, wala hakumfokea, jambo lililomuumiza Lorna zaidi. Alimwambia tu kwamba kesho angekaza nguzo za uzio, aje na glavu.

Uzio ukawashwa jioni ileile, kelele hazikurudi, na Daktari akaokoa sehemu ya vipimo vyake. Kesho yake, Jumamosi, Lorna alishinda akishika nguzo. Mama alipoleta chakula cha mchana, aliketi kando yake.

"Zile simu lilikuwa kosa la kitoto, ningekusamehe," alisema. "Lakini ulimwona mtu anabebeshwa lawama yako, ukanyamaza. Kondoo amekufa kwa sababu ya ule ukimya. Siku nyingine ukikosea, sema kabla mwingine hajaumia."

Lorna alivaa tena glavu, akarudi kwenye nguzo ambako Mzee Odell alikuwa akimsubiri.