Uzi Kiunoni mwa Bizari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mardhiya alifagia ua, akachota maji, kisha akawagawia paka vichwa vya samaki. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Paka wao alikuwa amezaa ghalani, nyuma ya magunia ya mbata, na watoto wawili walikuwa wamepona: Bizari, wa manjano, na Jivu, wa kijivu. Wote wawili walikuwa na matumbo ya mviringo, na Bibi Chausiku, aliyemlea Mardhiya, alijivunia matumbo hayo.

"Nyumba hii hata paka halali njaa," alipenda kusema.

Siku moja jirani yao, Bi Dija, alichungulia uani. "Ama paka wenu wamenona! Hebu tazama matumbo!" alisema, akaenda zake bila kutia mashaallah.

Haikupita juma, Jivu akaanza kuhara na kutapika. Bibi akapiga paja. "Nilijua tu! Dija kawatia kijicho." Akakata uzi mweusi, akausomea dua, akawafunga Jivu na Bizari viunoni.

"Lakini bibi, mbona mgongo wa Jivu mifupa mitupu?" Mardhiya aliuliza.

"Ndiyo kazi ya kijicho hiyo. Mwache apumzike."

Kesho yake Mardhiya aliona katika matapishi ya Jivu vitu vyeupe, virefu, vinajinyonganyonga. Akamkimbilia bibi yake jikoni. "Bibi, minyoo! Jivu katapika minyoo!"

Bibi alitupa jicho kwa mbali. "Tambi hizo. Nani kawapa paka tambi zangu?"

"Tambi hazitembei, bibi!"

"Usinijibu, Mardhiya."

Mardhiya alikwenda shule kafura kwa hasira. Kusema alisema, lakini nani alimsikiliza? Alipotoka darasani alipitia ofisi ya mifugo. Tarishi alikuwa mlangoni, anajipepea.

"Bwana Mifugo yuko Makurunge, anachanja ng'ombe," alisema. "Kwani wewe una ng'ombe?"

"Nina paka."

Tarishi alicheka mpaka akashika ukuta. "Paka naye aandikiwe dawa! Nenda nyumbani, binti. Paka na roho yake ile atapona mwenyewe."

Jivu hakupona. Asubuhi Mardhiya alimkuta amekauka kando ya gunia, na uzi wake kiunoni. Alimzika nyuma ya ghala huku akilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira zaidi kuliko cha huzuni. Bibi naye alikasirika, ila hasira zake zote zilimwendea Bi Dija, akamfokea juu ya ukuta kwamba kijicho chake ndicho kilichoua. Tangu siku hiyo wakawa hawaamkiani, na sahani za vitafunio zilizokuwa zikivuka ukuta kila jioni zikakoma.

Kisha Bizari naye akakataa kula.

Safari hii Mardhiya hakumuuliza mtu. Alimtia Bizari kikapuni, akaenda kukaa barazani pa ofisi ya mifugo. Tarishi alimcheka tena, naye akamwacha acheke. Jua lilikuwa limekwisha pinda Bwana Mwishehe, ndiye Bwana Mifugo mwenyewe, alipofika na pikipiki iliyojaa vumbi.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea kuku?"

"Nimeleta paka. Tafadhali usinicheke."

Bwana Mwishehe hakucheka. Alimfunua Bizari mdomo, akaona fizi zimepauka. Akampapasa mgongo, kisha tumbo. "Huyu hakushiba chakula. Kashiba minyoo. Minyoo inakula anachokula, yeye anabaki mifupa. Mmempa dawa gani?"

"Uzi tu. Mwenzake amekufa nao."

"Pole sana. Uzi haukumuua. Mlichelewa. Tumbo likivimba na huku mgongo mifupa mitupu, usingoje kuhara wala kutapika. Mlete siku hiyo hiyo."

Akampima uzito kwenye mizani, akampimia dawa kidogo sana. "Usije ukampa dawa ya minyoo ya watu, utamuua. Mrudishe baada ya wiki mbili, maana dawa hii haimalizi minyoo yote kwa mara moja. Na mama yake mlete, watoto huipata minyoo kwenye maziwa yake. Kinyesi chao kifukieni mbali, nanyi mnawe mikono kwa sabuni, kwani minyoo hii huwapata hata watu."

Nyumbani, bibi alifoka. "Umekwenda kunitia aibu mjini kwa ajili ya paka?"

Lakini alfajiri Bizari alijisaidia uani, na minyoo ikatoka fundo zima. Bibi alisogea, akaziba pua kwa kanga, akatazama. Mardhiya alitamani kumuuliza kama hizo nazo ni tambi, ila akaenda kuchukua jembe la kuifukia.

Bizari akaanza kula. Tumbo likapungua kidogo kidogo, mpaka siku moja, akikimbiza jani uani, ule uzi ukamteleza miguuni na kuanguka. Bibi aliuokota. Mardhiya alimkumbuka Jivu, aliyezikwa na uzi wake ukiwa umembana vile vile.

"Nipe buibui langu," bibi alisema. "Na paka wako mchukue."

Wakapiga hodi kwa Bi Dija.

"Karibuni," Bi Dija alijibu kwa ubaridi. "Leo nimemroga nani?"

"Nimekuja kuomba radhi, jirani. Nilikusingizia." Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe nisamehe. Uliona kwa macho yako, nikakunyamazisha. Kijicho kipo, na dua nitaendelea kusoma. Lakini mnyama akiugua kwanza apelekwe kwa Bwana Mifugo, tena mapema. Mimi nilishughulika kutafuta wa kumlaumu, na Jivu akafa."

Bi Dija alimtazama Bizari kikapuni. Akafungua mdomo amsifu, akaufunga.

"Sema tu, jirani," bibi alimwambia.

"Mashaallah," alisema Bi Dija, "tumbo limepungua."