Upande wa Nne wa Sinia

Dada yangu Rukiya alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alikuwa hawezi kula bila kukaribisha watu. Anapanda tramu asubuhi hapa Brussels, anatoa mkate wake na yai, anamgeukia Mbelgiji aliyekaa pembeni: "Karibu." Mbelgiji anashtuka, anakumbatia mkoba. Mimi naona aibu, namfinya. "Wewe Tausi," ananiambia, "mama hakutulea Buyenzi, Bujumbura, ili tuje kula kama paka huku." Miaka ishirini na miwili alifua mashuka ya hospitali kule Woluwe, na sidhani kuna mtu aliyefanya kazi naye ambaye hakuonja wali wake.

Naanza na hilo kwa sababu yote yalianzia hapo. Watu wa Berchem, mtaani kwa dada, wanasema tulirogwa. Wengine wanasema dada alichoka na maisha akatoroka. Waseme wanavyotaka. Wao hawakuwepo, mimi nilikuwepo.

Rukiya alistaafu mwanzoni mwa 2013. Wenzake wakistaafu wanarudi Bujumbura kujenga. Yeye akasema anataka kuiona India. Utotoni tulikuwa tunatumwa vitambaa kwenye maduka ya Wahindi, na ukutani kulikuwa na kalenda zenye picha za ngome na bahari. Mimi nilitazama peremende, yeye alitazama kalenda. Binti yake Naïma, aliyeishi naye, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Aïcha. Tukangoja arobaini iishe, tukaondoka, wazee wawili na masanduku mawili.

Wallahi tulifurahi. Tulishuka mwambao wa magharibi kwa gari dogo, mji hadi mji. Tuliona fukwe ambako wanawake wanaingia majini na nguo zao zote, wanacheka kama wasichana. Tuliona makanisa meupe ya Wareno, tukala mahindi ya kuchoma yenye ndimu na pilipili. Mtembezaji wetu aliitwa Sadanand, mwembamba, mpole, na Kifaransa chake alikuwa amekiokota kwa watalii. Kila ngome tuliyofika alitaka tuipande mpaka juu. Magoti yangu yalimlaani. Dada alipanda zote.

Ya mwisho ndiyo ile. Jina lake sitalitaja. Iko juu ya mwamba mweusi, bahari pande tatu, mizinga yake imelala kwenye nyasi. Chini kabisa kuna ghala lenye mlango mfupi, lazima uiname uingie. Sadanand hakuinama. Alisimama mbali, akatusimulia kama wanavyosimulia kwao: kwamba ndani ya ngome ile waliishi askari na watumwa waliotoka Afrika, wengi wao Waislamu. Ngome ilipozingirwa na adui na chakula kikapungua, wakubwa waliwafungia wale wa chini ghalani, wasije wakagawana nao kilichobaki.

"Waliwafungulia lini?" dada akauliza.

"Hakuna aliyewafungulia, madame. Mlango ulioza wenyewe."

Dada akawasomea Fatiha. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na kivuli kilikuwa hapo tu. Tukakaa kizingitini, migongo yetu ikilielekea ghala, tukafungua chapati na mayai. Kosa letu ndilo hilo. Rukiya alikata kipande, akageuza kidevu kidogo begani, kama anavyofanya kwenye tramu, na bila kufikiri akasema: "Karibu."

Nikasikia mtu akimeza mate. Nyuma yetu, karibu kabisa. Nilidhani ni Sadanand. Nikainua macho. Sadanand alikuwa kule kwenye mizinga, anaongea kwenye simu.

Nikafunga chakula, nikamwambia dada magoti yananiuma, twende. Akanicheka njia nzima.

Tulirudi Brussels, tukagawa zawadi, maisha yakaendelea. Kila Ijumaa nilikwenda kula kwa dada. Nilikuwa nasafisha nyumba za watu Uccle, Ijumaa namaliza mapema. Pale tulikula kwetu hasa, mkekani, sinia moja, Rukiya, Naïma na mimi. Kila mtu anakula upande wake, hachokonoi upande wa mwenzie. Dada alikuwa na tabia yake: viazi vya pilau havipendi, anavisogeza ukingoni, na pande zuri la nyama analisukuma kwako ukiwa umezubaa.

Ijumaa ya kwanza pilau haikuwa na ladha. Nikamtania: "Dada, umestaafu mpaka upishi?" Akaonja, akaonja tena. Iliki ilinukia chumba kizima, lakini mdomoni ilikuwa kama karatasi. Tulikula sinia lote, tukainuka na njaa.

Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, Naïma alikwenda kumnyonyesha mtoto, nikabaki natazama sinia. Mkila pamoja, kila mtu anaacha kishimo mbele yake. Tulikuwa watatu. Vishimo vilikuwa vinne.

Cha nne kilikuwa upande wa mlangoni, ambako hakuna aliyekaa. Nikakigusa. Wali ulikuwa wa baridi, umelowa. Nikalamba kidole. Chumvi ya bahari.

Hapo ningesema. Sikusema. Nilichukua kijiko nikasawazisha wali, nikaosha sinia mimi mwenyewe. Mungu anisamehe.

Kwa sababu aliyeumia siyo mimi, ni mtoto. Aïcha alinyonya mchana kutwa na hakushiba. Maziwa ya Naïma yalikuwepo, yanatoka, mtoto anameza, na bado analia njaa. Badala ya kuongezeka alipungua. Mashavu yakaondoka, mikono ikabaki mifupa. Hospitalini Woluwe, wale wale waliomjua dada, walimlaza siku tisa, wakampima kila kitu. Daktari mmoja, msichana mzuri tu, alitoka akasema kwa sauti ndogo: hatuoni kitu, madame. Maziwa ya kopo, mrija puani, yote yaliingia na hayakumsaidia. Walimrudisha na kilo nne. Miezi minne, kilo nne. Naïma hakulia tena, alikuwa amekauka machozi.

Jirani wa ghorofa ya juu, maman Kahambu, Mnande wa Butembo kule Kongo, alishuka na supu. Mlokole yule, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Siku hiyo alisimama mlangoni, na sauti ikamwisha.

"Rukiya," akanong'ona. "Ule muntu anakala kwa mukeka, ni wa kwenu?"

"Mtu gani?"

"Alors, miye niko natoka." Akaweka sufuria chini. Alipanda ngazi mbio na viatu mkononi.

Ndipo tukamwita ustadhi Waziri, mtu wetu wa Bujumbura. Akaja baada ya adhuhuri, akatutoa sote korido, akafunga mlango, akaanza kusoma. Tulimsikia vizuri. Alisoma muda mrefu. Halafu akaomba dua. Halafu akanyamaza katikati ya dua.

Alipotoka midomo ilikuwa myeupe. "Dada Rukiya, huyo si shetani. Shetani ningemjua. Nimeomba dua, na yeye ameitikia amina."

"Huyo ni mgeni," akasema. "Amekaa adabu kabisa, anakula kwa sababu alikaribishwa. Nani alimkaribisha?"

Nikamwambia dada yote, pale pale korido: mate yaliyomezwa, kishimo cha nne, chumvi. Na lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kwamba pale ngomeni, aliposema karibu, mtu alijibu. Sauti kavu, ya mtu ambaye hajazungumza muda mrefu. Ilisema: "Bismillahi." Nami nikafunga chapati nikamvuta tuondoke.

Nilidhani atanipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alikaa kwenye ngazi, akatazama mikono yake.

"Umesikia mtu ana njaa, amekubali chakula, halafu umefunga chakula," akasema taratibu. "Kwa hiyo ametufuata. Ningekuwa mimi ningefuata."

"Dada, mfukuze!"

"Nimfukuze vipi? Nimemkaribisha mwenyewe." Akainuka. "Nitamsindikiza. Mgeni akisindikizwa mpaka kwake, anabaki kwake."

Hakutaka niende naye. Alisema mimi ni mwoga nitaharibu tena, na alisema kweli. Asubuhi ya safari alifungua mlango wa nyumba wazi kabisa, akasimama na sanduku lake, akasema kwa sauti ile ile ya kumuaga shoga yake: "Haya mgeni wetu, tusichelewe, twende nikusindikize." Akangoja kidogo, kama mtu anayemngoja mwenziwe avae viatu. Mkeka ukalia.

Niliwasindikiza. Nasema niliwasindikiza, kwa sababu hawakuwa mmoja. Tramu ilijaa watu wa kazini, wamesimama wanabanana, na kiti cha pembeni ya dada kilikuwa kitupu. Mwanamke mmoja alikijia, akakigusa, akafuta mkono kwenye koti, akaenda kusimama. Dada alitoa mkate wake na yai. Akala kimya. Siku hiyo tu, katika maisha yake yote, hakumkaribisha mtu.

Uwanja wa ndege nilimshika mkono. "Ukimfikisha, akikwambia uingie, usiingie. Mwambie siku nyingine. Niahidi."

Alinikumbatia. "Tausi, mimi lini nimekataa chakula cha mtu?" Akacheka, na mimi sikuweza kucheka.

Jioni hiyo Naïma alinipigia simu. Aïcha amenyonya, ametapika kidogo kama watoto wengine, amelala. Tumbo limejaa. Nilipiga magoti jikoni nikalia.

Siku ya tatu ikaja simu ya Sadanand. Kifaransa chake kilikuwa kimevurugika, nilimlazimisha arudie. Walifika ngomeni mchana, akasema. Madame akamwomba asubiri kwenye mizinga. Akashuka mpaka kwenye mlango mfupi, akasimama hapo anazungumza na mtu kwa lugha yetu. Alikuwa anatikisa kichwa na kucheka, mkono kifuani, kama mtu anayebembelezwa ale na yeye anasema ameshiba. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili alikataa. Halafu akageuka, akatazama nyuma alikotoka.

"Kisha akavua viatu," Sadanand akasema. "Akasema Bismillahi, akainama, akaingia."

Ghala lile ni hatua nne kwa nne. Halina dirisha. Mlango ni ule mmoja. Polisi walilitafuta siku tano, wakashusha wazamiaji baharini. Viatu walinitumia kwa posta, ninavyo kabatini. Vikavu kabisa.

Nimelifikiria sana lile la kutazama nyuma. Angekataa mara ya tatu angemuudhi, na yule alikuwa anaijua njia ya Berchem. Dada alijua. Aliingia akala ili mjukuu wake ale. Mimi nasema hivyo, na atakayesema alichoka na maisha aje aniambie usoni.

Sasa ni 2019. Aïcha ana miaka sita, anakula kama mkulima. Nimehamia kwa Naïma tangu wakati ule, na Ijumaa tunakula mkekani, sinia moja, sisi watatu. Hatukaribishi mtu. Akija mgeni tunampakulia kwenye sahani tukiwa kimya, na watu wanasema tumekuwa Wazungu. Wacha waseme.

Mambo yameanza tena Ramadhani hii.

Upande wa mlangoni mkeka unalowa. Mahali pa mtu mmoja, aliyekunja miguu. Ukikauka unabaki mduara wa chumvi. Naïma anaufuta, na mimi nafanya kama sijaona, na yeye anafanya kama hajaona kwamba nimeona.

Wali wa upande ule hauguswi. Nimeuangalia kila Ijumaa. Hakuna kishimo. Hata punje moja haijaliwa. Ila viazi vyote vimesogezwa ukingoni, na pande zuri la nyama tunalikuta limesukumwa mpaka mbele ya mtoto.

Anakaa na njaa yake. Hawezi kula kabla hajakaribishwa, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nami nikimkaribisha, najua atakayelipa ni nani. Kwa hiyo dada yangu anakaa pale, amelowa, ana njaa, na mimi mdogo wake natafuna mbele yake nikitazama chini.

Ijumaa iliyopita Aïcha aliacha kula. Akainua kichwa, akatazama upande wa mlangoni, akatabasamu. Hatujamfundisha neno lile. Hajalisikia nyumbani kwetu hata siku moja. Akafungua mdomo: "Ka—"

Nilimziba kwa mkono wangu wote wenye mafuta, nikamkandamiza kifuani. Naïma aliganda na tonge hewani. Mtoto alilia chini ya kiganja changu. Sikuachia.

Na pale, upande wa nne, karibu kabisa, nikasikia mtu akimeza mate.