Ujumbe Usiokoma Tumboni mwa Hafidha

Kila asubuhi Hafidha alichota maji, akafagia uwanja, kisha akashika njia ya shule pamoja na wenzake wa kijiji cha Narung'ombe. Mwaka ule, 2006, alianza kuchepukia vichakani kila mara. Tumbo lilimkata na choo kilikuwa na damu. Hakumwambia mtu. Baba yake, mzee Twaha, alikuwa amekataza kula mabibo ya mikorosho iliyopulizwa salfa, dawa ya kuua ukungu, naye aliyala kwa siri mpaka akashiba. "Nimejilisha sumu," aliwaza kwa hofu.

Alikonda mpaka sketi ikafungwa kwa kamba. Mama alimpa dawa ya minyoo, zahanati wakampa ya kuhara, nafuu hakuna. Alipoanguka mstarini shuleni, alipelekwa hospitali ya misheni. Huko walimpima mpaka kwa kamera ndogo iliyopitishwa ndani ya utumbo.

"Daktari, ni salfa," Hafidha alisema akilia. "Nilikula mabibo."

"Hayo tutazungumza nyumbani," alisema baba.

Daktari Serafina alitikisa kichwa. "Si salfa wala mabibo. Mwilini kuna askari wa kupambana na vijidudu. Wakiona adui hutoa kemikali fulani, kama ujumbe wa kuitana. Vita vikiisha, ujumbe hukoma. Kwako haukomi. Askari wanazidi kumiminika, utumbo unavimba na kutoka vidonda."

"Sasa adui ni nani?"

"Hayupo, mzee."

"Hayupo, na wanapigana?" Baba alichanganyikiwa kabisa. "Nani kawaita?"

"Hata sisi hatujui vizuri. Tunaweza kuutuliza ujumbe kwa dawa, ila ugonjwa huweza kurudi, na asiache dawa kwa kujiona amepona."

Hafidha naye hakuelewa mwili unawezaje kujipiga wenyewe. Alichoelewa ni kwamba hakujilisha sumu, akafurahi mno.

Dawa zilimrudishia nguvu. Wakati wa kuvuna ufuta, damu ikaonekana tena. Safari hii alimkimbilia mama, akasema yote mbele ya wageni. Wageni wakatazama chini. Mama aliona haya kidogo, kisha akainuka kutafuta nguo za safari ya hospitali.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Mwili wako ndio unaodanganya, unaita vita pasipo vita. Basi wewe sema kweli mapema, hata wageni wakiwepo. Ukinyamaza, sisi tutatibu nini?"